Wikendi ya mvinyo na chakula Dodoma: tuanzie wapi, na tuache nini?

Nuru wa Mbezi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mume wangu atatimiza miaka 50 katika wiki ya mwisho ya Agosti, na badala ya sherehe ya ukumbini ameomba jambo moja tu, yaani tumpeleke Dodoma akaone kwa macho yake mashamba yanayotoa mvinyo anaoununua dukani kila mwisho wa mwezi. Tutakuwa sita: sisi wawili, kaka yake na mkewe, pamoja na marafiki wawili wa Nairobi ambao wamewahi kuzunguka Stellenbosch na Franschhoek, miji ya mvinyo ya Afrika Kusini, na ambao hawachoki kutusimulia. Shemeji yangu, yaani huyo kaka mtu, hanywi pombe kabisa, na sitaki akae siku mbili akituangalia tu.

Ratiba niliyoichora ni hii. Ijumaa jioni tupande treni hapa Dar es Salaam na kulala Dodoma mjini. Jumamosi asubuhi twende Hombolo tukaone kiwanda, adhuhuri tuwe Makutupora kwenye kituo cha utafiti wa zabibu, na alasiri tumalizie kwenye mashamba ya Chinangali huko Chamwino. Jumapili tuhudhurie misa Bihawana, tule chakula cha mchana mahali pazuri, kisha turudi na treni ya jioni. Naomba mnieleze kama mzunguko huu unawezekana, kama mgeni hupokelewa bila miadi, na zaidi ya yote tule nini na wapi, maana mara zote nilizokwenda Dodoma kikazi nimeishia kula chipsi mayai ya hotelini, na siamini kwamba mji wenye mizabibu hauna chakula chake.

Mkulima wa Mpunguzi

Dada Nuru, mbukwenyi, na umfikishie shemeji yetu pongezi za miaka 50. Maeneo uliyoyataja ni mazuri, ila siku zake zimekaa kinyume. Watu wengi wanaokuja huku kwa ajili ya mvinyo huifanya Jumamosi kuwa siku kuu kwa sababu ndiyo siku yao ya mapumziko, wakasahau kwamba mtu mwenye ufunguo naye anapumzika siku hiyohiyo. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora ni ofisi ya serikali, na ukifika pale Jumamosi adhuhuri utapokelewa na mlinzi na kivuli cha mwarobaini. Viwanda navyo, isipokuwa pale zabibu zinapoingia kwa wingi na kazi ikawa ya usiku na mchana, humfungulia mgeni siku ambayo mtengenezaji mwenyewe yupo kazini, kwa sababu mlinzi hana ruhusa ya kugusa tangi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na hata ukiuacha mwingine wote ushike huu, ni kwamba muombe likizo ya Ijumaa, mfike Dodoma Alhamisi usiku, na Ijumaa iwe siku ya kiwanda na ya watafiti. Jumamosi ndiyo siku ya wakulima, kwa sababu sisi Jumamosi tupo shambani.

Kuhusu majira, umebahatika bila kupanga. Kwa wenzetu wa Ulaya baridi huulaza mzabibu, nao huvuna mara moja tu kwa mwaka. Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa mkasi: akipogoa, machipukizi hutoka, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Ndiyo maana tuna mavuno mawili, ya kuanzia Februari hadi Machi na ya Agosti hadi Septemba. Ya mwanzo wa mwaka hukutana na mvua, na mvua huleta ubwiri, yaani ugonjwa wa ukungu, na kuzifanya zabibu zishibe maji, kiasi kwamba kipima sukari kinasoma chini na mnunuzi anakunja uso. Ya Agosti hukomaa katika ukame, jua la mchana likiwa kali na usiku ukiwa na baridi ya kuvaa sweta, na sukari hupanda. Mkionja mvinyo mmoja wa Machi na mmoja wa Agosti kutoka shamba lilelile, mtadhani ni mashamba mawili.

Lakini usije ukachukulia kwamba kila shamba linavunwa wiki hiyo. Kila mmoja hupogoa kwa wakati wake, kulingana na maji aliyonayo na fedha za vibarua. Unapopiga simu usiulize "mnavuna lini," maana utajibiwa "karibuni tu." Uliza "mlipogoa lini," kisha uhesabu miezi minne mwenyewe. Aliyepogoa mwishoni mwa Aprili ndiye wa kumtembelea mwishoni mwa Agosti. Ukishampata, muombe mfike saa 12 asubuhi, kwa sababu tunakata kabla jua halijazipasha zabibu moto, na kufikia saa 4 kreti zimekwisha kupakiwa na hakuna cha kuona isipokuwa majani.

Kumpata mkulima si kazi ngumu. Pitia chama cha msingi cha ushirika cha eneo husika au afisa ugani wa kata, iwe Mpunguzi, Mbabala, Hombolo au Makutupora, ueleze idadi yenu na nia yenu, na mtapangiwa mtu. Msiende mikono mitupu wala msitoe fedha kama mnaolipa kiingilio. Nunueni kreti moja ya zabibu kwa bei ya siku hiyo, na mtakuwa mmefanya jambo la maana kuliko mnavyodhani, kwa kuwa ipo misimu ambayo matangi ya wanunuzi hujaa na mkulima hubaki akiangalia zabibu zikikauka juu ya mti. Chinangali ni shamba kubwa la ushirika na linapendeza kwa safu zake, lakini kwa mtu ambaye atakuwa amekwisha kukaa asubuhi nzima katikati ya mizabibu halitamwongezea jipya. Liacheni, labda kama mngekuja kwa gari kupitia barabara ya Morogoro, ambako ni jirani.

Mpishi wa Area C

Dada, mimi naongeza upande wa sahani, na ninamuunga mkono Mkulima kuhusu Ijumaa. Mwaka fulani niliwapeleka wageni kwenye kiwanda kimoja siku ya Jumapili baada ya kuahidiwa kwa simu kwamba "mtu atakuwepo," tukakaa nje ya geti saa moja na nusu, na mvinyo tuliokuja kunywa Dodoma tukaununua supamaketi.

Dodoma ina chakula chake, ila hakipo kwenye menyu yenye picha. Chakula cha Wagogo ni ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda, na mlenda wenyewe ni wa majani yaliyokaushwa na kutwangwa, kwa kuwa nchi hii ina miezi minane isiyo na tone la mvua na mboga mbichi ni za msimu. Mara nyingi huungwa kwa karanga. Mtu wa pwani akiutazama kwa mara ya kwanza hushtuka kwa sababu unavutika kama bamia, lakini ukiwa na chumvi ya kutosha na ugali wa moto, hauachiki. Hotelini hawautengenezi mpaka uagize siku moja kabla. Kwa mama lishe wa karibu na soko la Majengo unaweza kuupata bila kuagiza, ila fikeni kabla ya saa 7 mchana.

Jumamosi mkitoka shambani, msirudi hotelini kula. Nendeni mnada wa Msalato, ambao uko barabara ya Arusha, kaskazini ya mji, na hufanyika siku hiyohiyo ya Jumamosi. Asubuhi ni ng'ombe na mbuzi wanaouzwa, na kuanzia saa 5 moshi wa nyama choma umetanda kila upande. Utaratibu ni kuchagua nyama ikiwa mbichi, kupimiwa kwa kilo, na kukaa kusubiri. Chagueni mbuzi, ombeni mbavu na paja, na msisitize isikaushwe sana, kwa sababu wachomaji wetu wana imani kwamba nyama laini haijaiva. Itakuja kwenye sinia na chumvi, pilipili, kachumbari na ugali au ndizi za kuchoma. Hapo ndipo mvinyo mwekundu wa Makutupora unapojieleza wenyewe. Nimeuonja nyumbani peke yake nikauona mkali na mwembamba. Nimeuonja na mafuta ya mbavu za mbuzi nikaomba chupa ya pili. Ule mweupe wa zabibu za Chenin Blanc, ambazo nazo zimeenea hapa kwetu, muuweke kwa ajili ya kuku wa kienyeji au samaki. Perege wa bwawa la Mtera huletwa mjini kwa barabara ya Iringa, na akikaangwa siku aliyofika huenda vizuri mno na mvinyo mweupe uliopoa.

Neno moja kuhusu kupoa. Wahudumu wengi hapa huleta mwekundu ukiwa na joto la rafu, na rafu ya Dodoma saa 8 mchana si pishi la Ulaya. Ombeni uwekwe kwenye friji dakika 20 kabla ya kufunguliwa, na mtu asiwaambie kwamba ni ushamba.

Abiria wa Kila Wiki

Kwa kuwa umetaja treni, Dada Nuru, nakupa tahadhari mbili. Ya kwanza inawakuta wengi: kuna Makutupora mbili. Ile unayoisikia kwenye habari za reli ya SGR, mahali ambapo kipande cha kutoka Morogoro kinaishia, ipo wilaya ya Manyoni mkoani Singida. Makutupora ya zabibu ipo Dodoma, kwenye barabara ya Arusha, mbele ya Msalato na Veyula. Mkimwambia dereva wa kukodi "Makutupora kwenye reli" mtaanza safari nyingine kabisa.

Ya pili ni tiketi. Tangu treni hii ianze kufika Dodoma mwezi Julai 2024, watumishi wa huku wenye familia Dar es Salaam husafiri nayo kwenda Dar Ijumaa jioni na kurudi Dodoma Jumapili. Ninyi Alhamisi hamtapata shida kubwa ya kuja, na Jumapili mtakuwa mnaenda kinyume na umati. Hata hivyo nunueni tiketi zote mbili mapema, kwa sababu viti sita vya pamoja haviwi rahisi. Safari ni chini ya saa nne kwa treni ya haraka, ilhali basi hula siku nzima. Angalieni pia kalenda ya Bunge, kwani kwa kawaida kuna mkutano unaoanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na wabunge wakiwepo vyumba hupanda bei na kwisha. Mkifika, kodini Noah moja na dereva asiyekunywa kwa siku zote mbili. Gharama mkigawana sita ni ndogo, na hakuna atakayelazimika kuhesabu glasi.

Mwanafunzi wa Zamani, Stellenbosch

Naongezea kidogo kwa ajili ya wale marafiki wa Nairobi, maana nami niliishi Rasi, huko huko Afrika Kusini, miaka mitatu na najua wanachokitarajia. Kule mgeni huingia bila kubisha hodi, hukuta kaunta, hulipa ada ya kuonja, na huletewa glasi tano na karatasi ya maelezo. Waambieni mapema kwamba Dodoma haijapangwa hivyo. Hapa utaonjeshwa mvinyo uliotoka kwenye tangi dakika hiyo, pengine kwenye kikombe cha plastiki, na anayekuonjesha ndiye aliyeutengeneza, jambo ambalo kule utalipata kwa nadra sana. Bebeni glasi zenu sita zenye shingo, mkizifunga kwenye taulo, na kindoo kidogo cha kutemea ili mwonje vingi bila kulewa kabla ya chakula. Maji na mkate mkavu pia. Muulizeni mtengenezaji awaonjeshe na mchuzi wa zabibu, yaani ule ambao haujachujwa wala kutiwa chupani. Ni kwa kuuonja huo kwanza ndipo mtaelewa kinachofanyika baadaye.

Hombolo msiikose kwa sababu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Cetawico, iliyokuwa na mizizi Italia, ilileta huko aina za zabibu kama Teroldego, Marzemino na Aglianico, ambazo kwa Afrika Mashariki ni nadra. Marafiki zenu wamekunywa Pinotage na Cabernet hadi wakachoka. Wapeni Teroldego ya Hombolo wakiwa hawajaona lebo, kisha muwasikilize.

Nuru wa Mbezi

Nawashukuru nyote, na nimeifuta ratiba yangu yote. Sasa inasomeka hivi: Alhamisi jioni treni, Ijumaa asubuhi Makutupora kwa watafiti na alasiri Hombolo, Jumamosi alfajiri shambani Mpunguzi, kisha Msalato kwa nyama, Jumapili misa Bihawana, chakula cha mchana cha perege, na treni. Nimebaki na maswali mawili. Mume wangu anapenda mvinyo mkavu, lakini kila tunapoomba mvinyo wa Dodoma tunaletewa mtamu. Je, ni zabibu zenyewe au ni sisi wanywaji? Na yule shemeji yangu asiyekunywa nimfanyie nini?

Mkulima wa Mpunguzi

Dada Nuru, kabla ya maswali yako, rekebisha jambo moja. Makutupora na Hombolo kwa siku moja inawezekana mkitoka hotelini saa 2 asubuhi, ila Mpunguzi ipo kusini, barabara ya Iringa, na Msalato ipo kaskazini. Si mbali kwa gari, lakini mtavuka mji mzima mkiwa mmeamka saa 10 usiku, mna njaa na mna vumbi. Kama mnada ndio mnaoutaka kwa chakula, basi mtafute mkulima wa Veyula au Makutupora kwa asubuhi ya Jumamosi na muiache Mpunguzi. Nasema hivi nikijinyima wageni mimi mwenyewe.

Kuhusu utamu, zabibu hazina kosa. Sukari yote ya zabibu inaweza kuliwa na hamira ikawa pombe, na hapo mvinyo unakuwa mkavu. Mtengenezaji akiuzuia mapema, au akiongeza sukari mwishoni, unabaki mtamu. Soko letu kwa miaka mingi limezoea utamu, na ile Dompo, ambayo ni mvinyo ulioongezwa nguvu kwa pombe kali, ndiyo iliyowafundisha wengi kwamba mvinyo wa Dodoma ni kitu cha kunywa kwa vijiko. Kwa hiyo mnapoagiza msiseme "mvinyo wa Dodoma" mkaishia hapo; tajeni neno "mkavu" na msome lebo kabla chupa haijafunguliwa. Kwa wasindikaji wadogo wa mjini, ambao baadhi yao wanafanya kazi nzuri, ulizeni mwaka na msimu wa mavuno na mtazame alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Asiyejua zabibu zake zilivunwa lini, msimlaumu, ila msinunue katoni.

Shemeji yako atakuwa na siku nzuri kuliko ninyi. Shambani asubuhi ndiye atakayekula zabibu bila kujizuia, kwa sababu hana cha kuonja baadaye. Watu wa Makutupora wakiambiwa mapema wanaweza kumwonyesha vitalu vya miche na aina za zabibu za kula mezani, ambazo si zile za mvinyo, na juisi ya zabibu pamoja na zabibu kavu hapa zinatengenezwa na kuuzwa na akina mama wengi. Mimi nilimpata mgeni mmoja wa namna hiyo, hajagusa tone, na ndiye aliyerudi mwaka uliofuata kununua ekari.

Mpishi wa Area C

Na Bihawana, Dada, mfike mapema kuliko saa ya misa. Ni pale ndipo wamisionari walipopanda mizabibu katika miaka ya 1950 ili wapate divai ya altare, na mashamba yote mnayokwenda kuyaona yametokana na mwanzo huo. Lakini baada ya misa kila mtu huwa na haraka ya kwenda nyumbani, na mapadre wana ratiba zao. Mkiandika barua fupi kupitia parokia wiki mbili kabla, mkaeleza kwamba ni siku ya kuzaliwa ya mzee wa miaka 50, mtapata wa kuwazungusha. Perege agizeni Jumamosi usiku mkiwa mnarudi kutoka Msalato, na umwambie mpishi akaange mkikaribia, maana asipoambiwa atakaanga saa 4 asubuhi na kumfunika kwa sahani.

Nuru wa Mbezi

Barua ya Bihawana nimeiandika leo. Afisa ugani wa Makutupora amenipa jina la mkulima, nami nimemuuliza alipogoa lini: tarehe 26 Aprili.